Je, Dhambi Huondolewa Pasipo Padre?

Dominika ya Pili ya Pasaka. Injili: Yn 20:19-31



Wapendwa wasikilizaji, Taifa la Mungu mlio majumbani, hospitalini, magerezani na safarini, nawasalimu kwa amani ile ile ambayo Bwana Mfufuka aliwasalimu nayo wafuasi wake jioni ya siku ya kwanza ya juma, wakiwa wamejifungia kwa hofu.

Kabla sijaifungua Injili ya leo, niruhusuni nianze na barua. Imetoka kwa katekista wa kigango kimoja kilicho mbali na parokia yake. Ameniomba nisimtaje jina wala kutaja mahali alipo, nami nalishika neno hilo. Anaeleza kwamba wakati wa masika aliitwa usiku nyumbani kwa mzee mmoja mwamini, aliyekuwa mahututi. Mzee huyo hakuwa ameungama kwa miaka mingi. Walimtuma kijana kwa pikipiki kumfuata padre, lakini mto ulikuwa umefurika na daraja halipitiki, na simu nayo haikushika. Mzee alipotambua kuwa saa yake imekaribia, aliwaomba watu wote watoke nje. Kisha akamshika katekista mkono na kuanza kuziungama dhambi zake, moja baada ya nyingine. Alipomaliza alisema, "Mwalimu, niondolee." Katekista akamjibu kwa machozi kuwa yeye hakupewa mamlaka hayo. Wakasali pamoja Sala ya Kutubu, polepole, neno kwa neno. Kabla ya mapambazuko mzee akafariki. Padre aliwasili kesho yake, kaburi likiwa limekwisha kuchimbwa.

Katekista anauliza kama alifanya vema kukataa. Anauliza pia kama mzee yule alikufa akiwa amesamehewa, maana mjane wake halali usingizi. Tena kuna jambo jingine linalomsumbua. Siku ya matanga, jirani mmoja, Mkristo wa madhehebu mengine na mtu mwema, aliwaambia wafiwa maneno ya kuwafariji: kwamba wasihuzunike, kwa kuwa msamaha ni jambo la mtu na Mungu wake, na padre hakuhitajika tangu mwanzo. Wengine walifarijika. Lakini vijana wawili wa kigango wakaanza kuuliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini sisi twapanga foleni kila Kwaresima kumweleza mwanadamu mwenzetu mambo yetu ya aibu?

Ndugu zangu, swali hili si geni. Ni la zamani kuliko makanisa yetu yote. Mtakumbuka yule mwenye kupooza aliyeshushwa na rafiki zake kupitia darini. Bwana Yesu alipomwambia kuwa dhambi zake zimesamehewa, waandishi walionung'unika mioyoni mwao walikuwa na hoja nzito: kwamba hakuna awezaye kusamehe dhambi ila Mungu peke yake. Nao kwa hilo walisema kweli! Kanisa Katoliki halijapata kufundisha kinyume chake. Padre hasamehi dhambi kwa nguvu zake, wala kwa utakatifu wake, wala kwa elimu aliyoipata seminarini. Anayesamehe ni Mungu. Mkristo anayedhani kuwa Wakatoliki humweka padre mahali pa Mungu, na ajue kuwa padre mwenyewe hawezi kujiondolea hata dhambi moja. Kinyozi hajinyoi. Padre akitenda dhambi humwendea padre mwingine, hupiga magoti, huungama kama muungamaji mwingine yeyote. Askofu hufanya vivyo hivyo. Tarehe 28 Machi 2014, katika Basilika la Mtakatifu Petro kule Roma, watu walimwona Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, akienda kupiga magoti mbele ya padre wa kawaida na kuungama, kabla yeye mwenyewe hajaketi kuwaungamisha wengine.

Basi kama ni Mungu asameheye, swali la kweli ni hili: Mungu amependa kutufikishia msamaha wake kwa njia gani? Hapo ndipo tunapaswa kuifungua Injili ya leo.

Ni jioni ya Pasaka. Milango imefungwa. Waliomo ndani si mashujaa. Mmoja alimkana Bwana mara tatu, na wengine walitimua mbio bustanini. Bwana anaingia, anawaonyesha mikono na ubavu wake, na neno lake la kwanza ni amani. Hakuwadai maelezo. Watu hao, ambao wamesamehewa dakika hiyo hiyo, ndio anaowavuvia pumzi yake kama Muumba alivyompulizia Adamu pumzi ya uhai, anawapa Roho Mtakatifu, na kuwakabidhi kazi: dhambi za watu watakazoziondoa zitakuwa zimeondolewa, na zile watakazozifunga zitakuwa zimefungwa. Angalieni, wapendwa, kwamba hii ni zawadi ya siku ile ile ya ufufuko. Bwana hakungoja hata usiku upite.

Sasa tufikiri kidogo. Kama Bwana angetaka kila mtu amalize jambo lake peke yake chumbani, kauli hiyo kwa mitume ingekuwa na maana gani? Tena amewapa mambo mawili, kuondoa na kufunga. Mtu hawezi kuamua lipi la kuondoa na lipi la kungojewa bila kusikia. Hakimu asiyesikiliza kesi hatoi hukumu, na mganga asiyeonyeshwa kidonda hatoi dawa. Ndiyo maana kuungama kwa mdomo si nyongeza iliyobuniwa na mapadre wapendao kujua mambo ya watu. Niwahakikishie kwamba hakuna padre anayeyapenda. Baada ya saa tatu za kuungamisha, ombi letu ni kikombe cha maji tu. Kuungama kumo ndani ya agizo lenyewe.

Mtakatifu Mathayo, anaposimulia habari ya yule aliyepooza, anamalizia kwa jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Anasema makutano walimtukuza Mungu kwa kuwa amewapa wanadamu mamlaka ya namna hiyo. Hasemi mwanadamu mmoja, asema wanadamu. Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho barua yake ya pili, sura ya tano, anaeleza kwamba Mungu ametupatanisha naye kwa Kristo, kisha akawapa mitume huduma ya upatanisho, wawe mabalozi. Balozi hasemi yake. Lakini asemapo kwa niaba ya aliyemtuma, neno lake lina uzito wa aliyemtuma.

Yapo mambo ambayo yamebadilika katika historia, na si vema kuyaficha. Katika karne za kwanza, waliotenda dhambi nzito kama kuikana imani, kuua au kuzini walifanya kitubio cha hadharani, kirefu na kigumu, na mahali pengi mara moja tu maishani baada ya ubatizo. Baadaye wamonaki, hasa wa kutoka Ireland, walieneza desturi ya kuungama kwa siri na mara kwa mara, karibu na namna tunayoijua leo. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza kila mwamini aliyefikia umri wa kutambua mema na mabaya aungame walau mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo anayesema kwamba namna ya kuungama imebadilika, asema kweli. Anayesema kwamba huduma yenyewe ilibuniwa mwaka 1215, amekosea kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Nirudi sasa kwa mzee wetu, maana mjane hangoji somo la historia.

Je, alisamehewa? Nitajibu bila kuzungukazunguka, kisha nieleze. Kanisa linafundisha kwamba mtu aliyetenda dhambi ya mauti, akijuta kwa majuto kamili, hupata msamaha wa Mungu hata kabla ya kupokea Sakramenti ya Kitubio, mradi awe na nia thabiti ya kuipokea mara tu itakapowezekana. Mtaguso wa Trento ulilitamka jambo hilo mwaka 1551, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalirudia katika namba 1452. Si fundisho la pembeni, wala si huruma iliyobuniwa juzi.

Majuto kamili ni nini? Ni majuto yatokayo katika upendo. Mtu huchukizwa na dhambi yake kwa sababu amemhuzunisha Mungu aliye mwema na apaswaye kupendwa kupita vyote. Majuto yasiyo kamili nayo ni ya kweli, nayo ni kipaji cha Mungu. Lakini chanzo chake ni ubaya wa dhambi na hofu ya adhabu. Mtoto aliyevunja mtungi anaweza kulia kwa sababu anaiona fimbo mkononi mwa mama. Anaweza pia kulia kwa sababu anaona mama amechoka, naye itambidi arudi tena mtoni. Machozi yote mawili ni machozi. Lakini ya pili yana jambo ambalo ya kwanza hayana.

Nanyi makatekista, naomba mnisikilize vema hapa, kwa sababu ndipo ilipo siri ya sakramenti hii. Majuto yasiyo kamili hayatoshi yenyewe kumrudishia neema mtu aliye katika dhambi ya mauti. Lakini yanatosha akiyaleta katika kitubio! Yaani mtu ambaye moyo wake bado una baridi, ambaye anaogopa zaidi kuliko anavyopenda, anayejikokota hadi kwa padre akiwa na majuto machache tu lakini ya kweli, huyo katika Sakramenti hupokea msamaha mzima. Mnaona basi? Wengi hudhani padre amewekwa kama kizuizi barabarani, kwamba kwenda kwa Mungu moja kwa moja ni njia nyepesi na kupitia kwa padre ni njia nzito. Ni kinyume kabisa. Njia ya bila padre yadai upendo kamili, na ni nani kati yetu atakayesimama asubuhi na kusema kwa hakika kuwa anao? Bwana, akijua udhaifu wetu, ametuwekea njia iliyo pana kwa wanyonge. Ukiweza kuvuka mto kwa kuogelea, Mungu asifiwe. Lakini usiubomoe mtumbwi kwa sababu tu umesikia kuwa wapo waogeleaji.

Kuna nchi moja ambako Wakristo walilazimika kuogelea kwa zaidi ya miaka 200. Nchi hiyo ni Japani. Imani ilipofika huko katika karne ya 16 iliwaka kama moto nyikani. Kisha watawala wakaipiga marufuku nchi nzima mwaka 1614, na wamisionari wakafukuzwa au kuuawa. Padre wa mwisho, Mjapani aliyeitwa Mancio Konishi, aliuawa mwaka 1644. Tangu hapo Wakristo wa huko hawakuwa na Misa, hawakuwa na mpako wa wagonjwa, hawakuwa na maungamo. Walibaki na ubatizo, ambao walei waliwapa watoto wao kwa siri, na sala walizorithishana.

Lakini walibaki pia na kitu kingine. Mwaka 1603, dhoruba ikiwa imekwisha kuanza kuonekana kwa mbali, Askofu Luis Cerqueira alikuwa ametoa kijitabu kidogo juu ya majuto kamili. Kwa Kijapani wakayaita konchirisan, kutokana na neno la Kireno. Kijitabu kilifundisha kwamba pasipo na padre, mwenye kujuta kwa upendo, na kukusudia kuungama pindi padre atakapopatikana, husamehewa. Watu walikinakili kwa mkono, wakakikariri, wakawafundisha watoto. Kila mwaka watawala waliwalazimisha watu kukanyaga sanamu ya Bwana au ya Mama Bikira Maria, ili Wakristo wajulikane. Wengi, kwa hofu ya kuuawa pamoja na watoto wao, walikanyaga. Kisha walirudi nyumbani, wakajifungia, wakasali sala ya majuto. Mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi. Sithubutu kuwahukumu. Nani kati yetu angethubutu?

Sasa sikieni jambo linalonigusa kuliko yote. Watu hawa, waliokuwa na njia ya kusamehewa bila padre na walioitumia kwa zaidi ya karne mbili, je, walifikia kusema kwamba padre hahitajiki? Hata kidogo. Miongoni mwao kulikuwa na mapokeo ya katekista mmoja aliyeitwa Bastian, naam, katekista kama wewe Mwalimu uliyeniandikia, ambaye kabla ya kuuawa aliwaachia ahadi kwamba baada ya vizazi saba waungamishi watakuja kwa merikebu kubwa nyeusi, na watu wataweza kuungama kila juma. Katika mambo yote ambayo mtu aliyeteswa angeweza kuyaahidi, hakuahidi mali, hakuahidi kisasi. Aliahidi maungamo. Watu walilishika neno hilo kama mtu ashikavyo mbegu wakati wa njaa.

Tarehe 17 Machi 1865, padre Mfaransa aitwaye Bernard Petitjean alikuwa katika kanisa jipya la Oura, mjini Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni. Kikaja kikundi kidogo cha watu wa kijiji cha Urakami. Mwanamke mmoja akamsogelea padre aliyekuwa akisali na kumnong'oneza kwamba moyo wao na moyo wake ni mmoja, kisha akauliza iko wapi sanamu ya Maria Mtakatifu. Walikuwa wamekuja. Mateso hayakuwa yamekwisha. Miaka michache baadaye zaidi ya watu 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu, na mamia walikufa huko, hadi marufuku ilipoondolewa mwaka 1873. Lakini waungamishi walikuwa wamefika.

Hata hapa kwetu Afrika ya Mashariki tumeonja jambo kama hilo. Mwishoni mwa mwaka 1882 wamisionari wa kwanza wa Buganda waliondoka na kuhamia kusini ya ziwa, upande wa Bukumbi, wasirudi hadi mwaka 1885. Wakristo wachanga wa Buganda walibaki bila padre, wakiongozwa na walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba, ambao leo twawaheshimu madhabahuni. Mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Nalo likawapokea kwa furaha. Halikuwaambia kwamba limekwisha kuzoea kuishi bila wao.

Na ili msidhani nasimulia habari za kale tu, kumbukeni mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watu walipokuwa wakifa mahospitalini bila ndugu na bila padre. Tarehe 20 Machi mwaka huo, Baba Mtakatifu Fransisko, akihubiri katika Misa ya asubuhi, aliwaeleza waamini wasioweza kumpata padre kwamba wafanye lile ambalo Katekisimu inasema: waseme na Mungu Baba yao, wamwambie ukweli, wamwombe msamaha kwa moyo wote, na waahidi kuungama baadaye. Hakutangaza sheria mpya. Alikumbusha ya zamani.

Basi Mwalimu, mjane umjibu hivi. Mume wake alimtafuta padre. Kijana wa pikipiki ni shahidi. Aliungama kwa kadiri alivyoweza, kwa mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kumwondolea, na kufanya hivyo si jambo dogo kwa mzee mwenye heshima zake. Aliomba msamaha. Hatuwezi kuupima moyo wa mtu kwa mizani, na Kanisa halitoi cheti cha kuingia mbinguni kwa kila marehemu. Lakini mtu asiyempenda Mungu hajisumbui namna hiyo usiku wa kufa kwake. Amtumainie Mungu. Aombe Misa kwa ajili ya mumewe, na alale usingizi.

Wewe nawe ulifanya vema kukataa. Najua ilikuuma. Mtu anayekufa amekushika mkono, anakuomba neno moja, na maneno yenyewe umeyasikia mara nyingi na unayajua kwa moyo. Lakini kama ungeyatamka, ungempa noti isiyo na fedha benki. Sheria ya Kanisa imeweka hata adhabu kwa asiye padre anayejifanya kuondolea dhambi, na si kwa sababu ya wivu wa mapadre. Ni kwa sababu mgonjwa ana haki ya kutodanganywa katika saa ile. Ulimpa kilicho cha kweli, nacho ni Sala ya Kutubu.

Makatekista wengine, mkifikwa na jambo kama hilo, msihangaike kutafuta maneno makubwa. Tumeni watu wamtafute padre, padre yeyote. Sheria ya Kanisa, kanuni 976, inampa kila padre uwezo wa kumwondolea dhambi aliye katika hatari ya kufa, hata kama padre huyo hana ruhusa ya kuungamisha, hata kama ameacha utumishi. Wengi hawalijui hilo, na pengine kuna padre wa namna hiyo anayelima shamba lake kilomita mbili tu kutoka kwa mgonjwa. Padre akikosekana, mpeni mgonjwa msalaba aushike au auone. Mkumbusheni kwamba Mungu anampenda, maana majuto kamili huchipuka hapo, hayachipuki kwa kutishwa. Muulizeni kwa upole kama yupo mtu asiyempenda kumsamehe, na kama mtu huyo yupo nje barazani, mwiteni aingie. Saleni Sala ya Kutubu taratibu karibu na sikio lake, hata kama hajibu, kwani mara nyingi sikio hubaki macho baada ya ulimi kulala. Na akianza kuwaambia dhambi zake, mwambieni kwa heshima kuwa hana lazima ya kuwaeleza, kuwa Mungu anamsikia. Akisema hata hivyo, lichukueni lile mlilosikia mkaende nalo hadi kaburini kwenu. Katika barua nzima, Mwalimu, hukuandika hata dhambi moja ya mzee yule. Nimekushukuru kwa hilo.

Limebaki lile la vijana wawili na foleni ya Kwaresima. Yule mtoza ushuru wa Injili, wanasema, alirudi nyumbani amehesabiwa haki na hakumwona kuhani. Ni kweli. Dhambi nyepesi husamehewa kwa njia nyingi, kwa sala, kwa matendo ya huruma, kwa kuipokea Ekaristi Takatifu. Na toba ya moyoni lazima itangulie, bila hiyo maneno ya padre hayana pa kutua. Lakini mimi nimekuwa mwungamaji kwa miaka mingi kuliko nilivyokuwa mwungamishi, nami nawaambia vijana nilichokiona kwangu. Nikiwa peke yangu na dhambi yangu, mimi ni mshitakiwa, wakili na hakimu. Mara nyingi wakili hushinda. Mfalme Daudi alikaa na dhambi yake ya kumwua Uria, akala, akanywa, akasali, hadi nabii Nathani alipofika mlangoni. Hakukosa Mungu wa kumwungamia. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Tena dhambi ya Mkristo haikai kati yake na Mungu tu. Humjeruhi jirani, hulipunguzia Kanisa uzima. Aliyeiba mfuko wa jumuiya akitubu chumbani kwake, jumuiya itajuaje? Padre atamwambia arudishe. Hilo nalo ni sehemu ya kitubio, na nadhani ndiyo sababu wengine hupendelea kumwungamia Mungu peke yake.

Lakini nisiwalaumu waamini tu. Wapo watu walioacha kuungama kwa sababu yetu mapadre. Miaka ya nyuma, katika Juma Kuu, nilikuwa nikiungamisha tangu asubuhi, na foleni haikupungua. Akaja bibi mmoja mzee, akaanza kunieleza kwa kirefu habari za mkwe wake. Nikamkatiza kwa ukali nikamwambia ataje dhambi zake mwenyewe na awaachie wengine nafasi. Alinyamaza. Kisha akasema, "Samahani, Baba," akainuka, akaenda zake bila maondoleo. Nilimwona mgongo wake mlangoni. Nilimtafuta baada ya Pasaka, nikaambiwa amekwenda kuishi kwa mwanawe mjini. Nimeliungama jambo hilo, nami nimesamehewa. Lakini kila ninapoketi kuungamisha namkumbuka. Ndugu mapadre mnaonisikiliza, tunapokasirika pale, tunamsemea nani? Na ninyi mliofukuzwa na ukali wa mmoja wetu, miaka mitano iliyopita au ishirini, naomba msamaha kwa niaba yake. Mwendeeni mwingine. Mwamini ana uhuru wa kumchagua padre wa kumwungamia.

Tomaso hakuwapo jioni ile ya kwanza. Aliwakuta wenzake baadaye wakimsimulia, naye hakuamini. Siku nane zikapita. Bwana angeweza kumtokea Tomaso peke yake, nyumbani kwake au njiani. Hakufanya hivyo. Alimngoja mpaka alipokuwa pamoja na wengine, mle mle chumbani walimopewa ile pumzi, na hapo ndipo alipomwonyesha jeraha.

Mwalimu, umeandika mwishoni kwamba mto umepungua, na padre wenu atafika kigangoni Jumamosi ijayo. Umwombe awahi saa moja kabla ya Misa. Umwekee kiti chini ya mti, mbali kidogo na watu, ili mtu aweze kusema bila kusikika. Wale vijana wawili waambie tu kwamba padre yupo. Na mjane akitaka kwenda wa kwanza, mpishe.

Tumsifu Yesu Kristo.